Redio ya mazungumzo kutwa nzima: Radio 4 ya London au idhaa za Kiswahili, kwa msikilizaji wa Mombasa

Nyumbani kwa shangazi yangu, Kibokoni, kuna redio mbili na ugomvi mmoja. Redio ya kwanza ni ya betri, imefungwa waya kwenye nondo za dirisha ili ishike mawimbi vizuri, nayo hukaa kando ya cherehani yake tangu anapoanza kushona asubuhi hadi anapokunja vitambaa jioni. Ya pili si redio hasa, bali ni simu ya mumewe, mwalimu mstaafu wa Kiingereza, ambaye huitia ndani ya bilauri tupu ili sauti ipae, kisha akafungua Radio 4 ya BBC kwa njia ya intaneti. Baina ya vyumba vyao viwili pana pazia tu, na redio za maneno zina shida moja ambayo za muziki hazina: zikizungumza mbili kwa pamoja, hakuna hata moja inayosikika. Waliniomba niwaamulie ipi inyamaze na saa ngapi. Nilikaa nao siku kadhaa nikizisikiliza zote mbili, na niliyoyaona yanaweza kumfaa pia msikilizaji mwingine wa hapa anayetaka mazungumzo yamsindikize kutwa badala ya nyimbo.

Kwanza tukubaliane juu ya vitu vinavyolinganishwa. Radio 4 ni kituo kimoja, kilichoanza tarehe 30 Septemba 1967 kikirithi idhaa ya nyumbani ya BBC iliyokuwepo kabla yake, na karibu yote kinayorusha ni maneno: habari, mahojiano, michezo ya kuigiza, mijadala ya sayansi na historia, vichekesho, mawaidha mafupi na hali ya bahari. Hakina matangazo ya biashara hata moja, kwa kuwa gharama zake hulipwa kwa ada ya televisheni inayotozwa kaya za Uingereza. Ada ya kumiliki redio peke yake ilifutwa huko mwaka 1971, na msikilizaji wa Mombasa hadaiwi chochote. Upande wa pili hakuna kituo kimoja cha kukilinganisha nacho. Kuna Radio Taifa ya KBC, kuna vituo vya Pwani vinavyorusha kutoka mjini humu humu, vikiwemo vya Kiislamu na vya lugha za Kimijikenda, na kuna idhaa za Kiswahili za mashirika ya nje, kama ile ya BBC iliyoanza Juni 1957 na ya Ujerumani iliyoanza mwaka 1963. Mtu anaweza kusema kwamba kupambanisha kituo kimoja na kundi zima si haki. Lakini hivyo ndivyo tunavyosikiliza: anayetumia FM huzungusha kitufe kutwa, ilhali anayefungua Radio 4 huiacha hapo hapo na kungoja kitakachofuata.

Jambo la kwanza linaloamua, na ambalo wengi hulisahau, ni saa. Ratiba ya Radio 4 imeshonwa kwa vipimo vya siku ya Mwingereza, nayo inapotufikia sisi huwa imesogea. Wakati wa baridi yao, London iko nyuma yetu kwa saa tatu. Wakati wa kiangazi chao, kwa saa mbili. Kipindi chao kikuu cha habari za asubuhi, Today, ambacho kimekuwa hewani tangu Oktoba 1957, huanza kwao saa kumi na mbili alfajiri. Kwetu, miezi ya baridi, hiyo ni saa tatu asubuhi, na kinakwisha saa sita mchana. Maana yake ni kwamba anayeamka Mombasa kwa adhana ya Alfajiri akafungua Radio 4 hakutani na habari za asubuhi. Hukuta matangazo ya idhaa ya dunia ya BBC, kwa sababu usiku wa manane wa London Radio 4 yenyewe hulala na kuiachia idhaa hiyo masafa yake.

Kwa hiyo kwa saa za mapema ushindani haupo, na simu ya mwalimu haina la kusema. Mtu anayetaka kujua kama Likoni feri zinakwenda, kama barabara ya Makupa imefunga, nani amefariki usiku na maziko ni saa ngapi, hana budi kuwa na redio ya hapa. Matangazo ya vifo pekee yanatosha kuumaliza ubishi. Shangazi huacha kukanyaga cherehani yanaposomwa, akaweka kidole juu ya kitambaa mahali pale pale alipofika, akasikiliza majina hadi mwisho, kisha akaendelea. Hakuna kipindi cha London kitakachomfanya asimamishe sindano namna hiyo, na sitarajii kwamba kipo kilichokusudiwa kufanya hivyo.

Hata hivyo, asubuhi za FM zina kasoro ambayo haifai kufichwa. Baada ya habari, vituo vingi huingia katika mazungumzo marefu ya watangazaji wawili wanaocheka wenyewe kwa wenyewe, na mara nyingi mada ni ugomvi wa ndoa ya mtu aliyepiga simu. Siku moja, katika kituo ambacho jina lake tuliache, nilisikia mke na mume wakipatanishwa hewani kwa zaidi ya nusu saa, wakikatizwa na tangazo la sabuni kila waliposogea karibu na suluhu. Kanuni za utangazaji za Kenya zinataka maudhui ya watu wazima yasirushwe baina ya saa kumi na moja alfajiri na saa nne usiku, na watangazaji wamekuwa mafundi wa kuzungumza pembezoni mwa kanuni hiyo. Shangazi husema hayamkeri, ni kama kusikia majirani dirishani. Mwalimu hutoka akaenda kunywa kahawa barazani.

Mahali ambapo Radio 4 inaanza kustahili kusikilizwa ni kuanzia hapo, saa nne na kuendelea, mikono inapokuwa na kazi na habari za hapa zimekwishajulikana. Hata Today yenyewe si habari tupu. Katikati yake, takriban saa tano kasoro robo kwa majira yetu ya baridi yao, hukatizwa na mawaidha ya chini ya dakika tatu ambayo yamekuwepo tangu mwaka 1970, ambapo mzungumzaji wa dini moja au nyingine, Mkristo leo, Mwislamu au Myahudi siku nyingine, hutafakari jambo lililomo katika habari za siku hiyo. Kwa sikio la Mombasa, lililozoea mawaidha ya kweli, yenye aya na hadithi na sauti inayopanda, haya ni mepesi mno, kama uji usiotiwa sukari. Mwalimu huyapenda kwa sababu ya ufupi wake. Mimi naona yamezidi kuogopa kumkwaza mtu.

Ulinganisho wenye faida zaidi hapa ni kati ya mawaidha hayo na kipindi chetu cha "Je, Huu ni Ungwana?", alichokianzisha Leonard Mambo Mbotela mwaka 1966 na kukiendesha kwa zaidi ya miongo mitano. Mbotela alikuwa mzaliwa wa Freretown, ng'ambo tu ya kisiwa chetu, na alifariki Februari 2025 akiwa na umri wa miaka 84. Hakuhubiri. Alichukua tendo dogo la mtu, kama vile kukatiza foleni au kuingia nyumba ya watu bila hodi, akalieleza kwa sauti ya upole iliyokaribia kucheka, kisha akakuachia swali. Nimeusikiliza uandishi wa London wa aina hii kwa miaka, na sijasikia unaojua hivyo kuzungumza na mtu mmoja mmoja huku ukisikika na taifa zima. Kama Radio 4 ingekuwa na kipindi hicho, leo wangekuwa wanakihesabu miongoni mwa hazina zao, na kanda za zamani zingekuwa zinapatikana kwa kubofya mara moja. Zetu hazipatikani kwa urahisi namna hiyo. Kwa anayechagua, hilo si jambo dogo: Radio 4 ukikosa kipindi leo, vingi utavikuta kesho kama podikasti, ilhali redio ya hapa ukiikosa umeikosa.

Mchana ndio wakati wa kutofautisha mazungumzo yaliyoandaliwa na mazungumzo yanayokwenda. Saa saba mchana kwetu, London wanaanza kipindi chao cha wanawake, kilichoanza Oktoba 1946 na ambacho hadi leo huchukua karibu saa nzima kuzungumzia uzazi, sheria, kazi, siasa na vitabu. Alhamisi kuna kipindi cha wataalamu watatu wanaohojiwa juu ya mada moja tu, pengine falsafa ya Wagiriki, pengine fizikia ya nyota, pengine mfalme aliyesahauliwa. Kilianza mwaka 1998 chini ya Melvyn Bragg. Katika vipindi vya namna hii mtafiti amekwishasoma, maswali yamekwishapangwa, na mgeni anapopotea huvutwa na kurudishwa kwenye mada. Kuna tofauti kubwa baina ya hayo na ukumbi wa simu wa mchana katika redio zetu, ambapo mtangazaji hutupa mada asubuhi, akaketi kungoja simu, na mada ikachukuliwa na yeyote atakayeingia hewani.

Nilidhani mwanzoni kwamba hili lingekuwa ushindi mwepesi wa London, lakini sivyo. Siku moja mada katika redio ya shangazi ilikuwa karo za shule, na mtu wa nne kupiga simu alikuwa mama muuza viazi karai, ambaye kwa dakika tatu alieleza namna anavyoigawa faida ya sufuria moja, shilingi baada ya shilingi, baina ya unga, mafuta, makaa na daftari. Hakuhitaji mtafiti. Radio 4 ingemfikia mtu kama yeye kwa kumtuma mwandishi mwenye kinasa sauti, ikamkata, ikampanga, na ikamweka baina ya maelezo ya mchumi na majibu ya waziri. Yangekuwa makala mazuri, na yeye angekuwa mfano ndani yake. Kwetu alikuwa mzungumzaji. Lakini baada yake aliingia mtu aliyetaka tu kuwasalimu jamaa zake wote wa Kilifi na Malindi kwa majina, na mtangazaji hakuwa na moyo wa kumkata.

Basi anayetaka kuelimishwa mchana achague London, na anayetaka kusikia mji wake unavyofikiri avumilie salamu.

Juu ya michezo ya redio nitakuwa mfupi, ingawa wapenzi wake hawatanisamehe. Radio 4 ina The Archers, hadithi ya wakulima wa kijiji cha kubuni kiitwacho Ambridge, inayorushwa nchi nzima tangu tarehe 1 Januari 1951 na yenye vipindi zaidi ya 19,000; kila kimoja ni cha dakika kumi na tatu hivi, na hutufikia saa nne usiku, kisha hurudiwa kesho yake saa kumi na moja jioni. Ilianzishwa ili kuwafundisha wakulima ukulima bora wakati chakula kilikuwa kikigawiwa kwa vipimo baada ya vita. Redio za Afrika Mashariki zilitumia mbinu iyo hiyo: Kenya ilikuwa na "Ushikwapo Shikamana" katika miaka ya 1980 kuhusu uzazi wa mpango, na Tanzania ikawa na "Twende na Wakati" kuanzia mwaka 1993. Tofauti ni kwamba michezo yetu mingi ilikwisha miradi iliyoilipia ilipokwisha, na The Archers iliachana na somo la ukulima mwaka 1972 ikaendelea kuishi kama hadithi tu. Hata hivyo kumwingiza msikilizaji mpya Ambridge leo ni kama kumleta harusini mtu asiyejua bibi harusi ni nani. Mwalimu alijaribu kumweleza shangazi nani ni mtoto wa nani, na alipofika kizazi cha tatu shangazi aliwasha pasi.

Usiku ndiko kwenye kitu ambacho kilinishangaza zaidi, na kwa watu wa bahari kama sisi sidhani kama kinaweza kupitwa haraka. Saa sita na dakika 48 za usiku wa London, Radio 4 husoma hali ya bahari kwa vyombo vilivyoko majini. Bahari inayozunguka visiwa vyao imegawiwa maeneo 31, kila moja na jina lake, na msomaji huyataja kwa mpangilio ule ule kila usiku, kuanzia Viking kaskazini, akizunguka kama akrabu ya saa: Dogger, Humber, Thames, Dover, Biscay, Fastnet, Rockall, hadi Kusini Mashariki ya Iceland. Eneo moja, FitzRoy, lilipewa jina hilo mwaka 2002 kumkumbuka Robert FitzRoy, mwanzilishi wa idara yao ya hali ya hewa. Baada ya kila jina huja upepo, nguvu yake, mvua na umbali ambao jicho linaona, na taarifa nzima haitakiwi kuzidi maneno 350 au zaidi kidogo. Hakuna kitenzi kisichohitajika. Watu wengi wanaoisikiliza hawana hata mtumbwi. Hulala nayo kama wimbo wa kubembelezea mtoto, na kabla yake hupigwa muziki laini uitwao "Sailing By".

Kwetu, miezi ya baridi yao, hiyo ni saa tisa na dakika 48, muda kidogo kabla ya Alfajiri, wakati wavuvi wa Bandari ya Kale huwa wanashusha nyavu vyomboni. Nilisimama nje na simu ya mwalimu nikiisikiliza, na nikamwekea sikioni mvuvi mmoja wa makamo niliyemkuta akifunga kamba. Nilimfasiria: kusini magharibi, nguvu tano hadi saba, mvua, mwono wa wastani. Aliniuliza hiyo ni bahari gani. Nilipomwambia, alitikisa kichwa akasema, "Hao wana matlai mwaka mzima." Kisha alinyosha kidole gumba hewani, akakielekeza upande wa mlango wa bandari, akaendelea na kamba yake. Kwake taarifa ni kusi iliyoanza kupooza au kaskazi iliyokwisha kuingia, na hiyo huisoma mwenyewe, ingawa aliniambia pia kwamba ilani za mawimbi makubwa huzisikia redioni na huzitii. Kwa hivyo hapa sitoi mshindi. Aliyeko baharini hapa asikilize redio ya hapa. Aliyeko kitandani bila usingizi hatapata kitu kizuri kuliko kile cha London, hata kama haelewi neno.

Kuhusu gharama, hesabu ni nyepesi na haina huruma. FM ni bure ukishanunua betri. Mkondo wa intaneti wa kilobiti 96 kwa sekunde hula takriban megabaiti 43 kwa saa, kwa hiyo mtu anayefungua Radio 4 kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa nne usiku atakuwa amekula zaidi ya nusu gigabaiti kwa siku moja. Mwalimu aliishiwa na bando mara mbili katika siku nilizokuwa hapo, na mara moja ilikuwa katikati ya sentensi ya mwisho ya mchezo wa kuigiza, wakati muuaji alikuwa karibu kutajwa. Tena tangu Julai 2025 programu ya BBC ya sauti iliyotumiwa na wasikilizaji wengi wa nje ya Uingereza imefungwa kwao, na sasa Radio 4 husikilizwa kupitia tovuti kuu ya BBC na programu yake ya habari. Yeyote aliyekuwa na njia ya zamani asidhani simu yake imeharibika. Na jambo dogo zaidi: vile vibiripu sita vya kutangazia saa kamili, vilivyoanza Februari 1924, hutufikia vimechelewa kwa sababu ya mkondo wa intaneti. Mwalimu aliirekebisha saa yake ya ukutani kwa vibiripu hivyo kwa mwaka mzima, akawa anafika msikitini wakati wenzake wamekwisha kuhirimia.

Lugha nayo ina uzito wake. Shangazi anaelewa Kiingereza cha dukani na cha hospitalini, lakini vichekesho vya saa tatu unusu usiku vya Radio 4, vinavyotegemea maneno kupindwa na wanasiasa wao kudhihakiwa, havimchekeshi, na kwa kweli nusu yake havimchekeshi hata mwalimu, ila yeye hakiri. Kwa anayetaka habari za dunia kwa kina bila kupambana na lugha, jawabu si Radio 4 hata kidogo bali ni idhaa za Kiswahili za BBC na Ujerumani, zenye waandishi kote Afrika Mashariki na Kati. Kiswahili chao kimepikwa na watu wetu pia: Abdilatif Abdalla, mzaliwa wa mji huu, alifanya kazi katika idhaa ya BBC jijini London kuanzia mwaka 1979 hadi 1986. Taarifa ya Radio 4 ya saa tatu usiku kwa majira yetu inafaa mwanafunzi wa chuo anayejifunza namna ya kuandika habari kwa kubana maneno, na sioni mwingine ambaye ningemhimiza aache taarifa ya Kiswahili kwa ajili yake.

Hukumu niliyowapa ikawa hivi. Kuanzia Alfajiri hadi saa nne asubuhi ni redio ya dirishani peke yake. Saa nne hadi saa kumi alasiri simu ya mwalimu inaweza kuzungumza, kwa masharti kwamba bando analinunua mwenyewe na kwamba akisikia matangazo ya vifo yameanza upande wa pili wa pazia atainyamazisha. Alasiri hadi Isha ni redio ya shangazi tena, kwa ajili ya habari za jioni. Baada ya hapo anayelala mwisho achague. Shangazi alikubali yote isipokuwa saa sita mchana, kwa sababu kuna kipindi cha mapishi katika kituo kimoja cha hapa ambacho hawezi kukikosa siku za Jumatano, na mwalimu akamwachia. Jumapili ya mwisho ya Machi Waingereza watasogeza saa zao mbele, vipindi vyote vya Radio 4 vitatufikia saa moja mapema zaidi, na itabidi tukae tena tukipange upya kikaratasi nilichokibandika juu ya cherehani.